Neno Zito na Mahindi ya Kate

Wanangu mnaoanza kazi ya ukaguzi wa nafaka, najua fomu yenu siku hizi iko kwenye simu. Mnafika ghalani, mnachoma bambo kwenye gunia, mahindi yanateremka kwenye ule mfereji wake hadi kiganjani, mnanusa, kisha mnagusa kioo. Maneno ya Kiingereza yamejipanga hapo tayari: “stale”, “musty”, “mouldy”, “sour”, “rancid”, “foul”. Unagusa moja, linageuka kijani, unaenda gunia lingine.

Wiki iliyopita binti mmoja wa hapa Sumbawanga mjini, mwezi wa pili kazini, alikuja kunisalimia. Nikamuuliza anachaguaje.

“Bibi, yote si yanamaanisha kunuka tu?” akasema. “Mimi nikiona halieleweki, nagusa lile kali. Kali halina kesi.”

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, maana hayo ndiyo maneno yangu mwenyewe ya ujanani, na kwa kuyafuata nilikaribia kuteketeza chakula cha akina mama wa kijiji cha Kate. Nimekaa barazani na shuka begani, upepo wa Ufipa haujui kustaafu, nikaona niwaandikie.

Nianze na pua, kwa sababu neno huanzia puani. Usile kitunguu kibichi asubuhi ya ukaguzi. Usijipake mafuta yenye manukato; utanusa mikono yako siku nzima na kuyasingizia mahindi. Na ukiwa na mafua, sema. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba nusu ya ofisi inapenga kamasi, na aliyenifundisha kazi, Mzee Deusi, Mfipa wa Ilemba kule bondeni, alikuwa anapita asubuhi kututazama pua kama daktari. Akikuona imekuwa nyekundu anasema, “Leo wewe ni kipofu. Nenda kapange mafaili.”

Mimi nilikuja kutoka Mbeya, binti wa watu waliozoea migomba na mvua. Mzee Deusi hakunisamehe hilo hata siku moja. “Ninyi watu wa Mbeya,” alikuwa akisema, “ndizi zimewalemaza pua. Kila kitu kwenu kinanukia chakula.”

Alikuwa na shule yake kwenye rafu, nyuma ya mlango wa stoo. Makopo ya maziwa ya unga, yamefunikwa kwa vifuniko vya kubana, kila moja limebandikwa karatasi yenye neno moja la Kiingereza. Kila Jumatatu alinifunga macho kwa skafu yangu mwenyewe, akafungua kopo moja chini ya pua yangu, akasubiri. Nikikosea, nafagia stoo. Nilifagia sana ile stoo.

Lakini nilijifunza. “Stale” ni harufu ya muda. Ni unga uliosahauliwa kabatini. Haujafanya kosa lolote, umechoka tu. “Sour” ni maji yaliyoingia pasipo kualikwa, ulezi uliolowa ukaanza kujipikia pombe wenyewe. “Rancid” ni mafuta yaliyogeuka, karanga za mwaka juzi. Hiyo hukwaruza koo kabla pua haijasema kitu. Kopo la “foul” sitawaambia lilikuwa na nini. Mhudumu wetu wa usafi alilifungua siku moja akidhani ni maziwa, akatoka mbio hadi getini, na kwa mwezi mzima hakuniitikia salamu, kana kwamba mimi ndiye niliyelijaza.

Makopo mawili yalinishinda. Moja liliandikwa “musty”, jingine “mouldy”. Kwangu yote yalinuka uvundo. Kamusi ya ofisini, ile iliyokosa jalada, nayo haikunisaidia.

“Yana tofauti gani, mzee?” nilimuuliza.

“Tofauti ipo,” akasema. “Ila hayo mawili siwezi kukufundisha kwa kopo. Utakutana nayo.”

Niliona ananizungusha. Nikajitungia njia yangu, na haikuwa yangu peke yangu, ofisi nzima tuliifuata kimyakimya: ukiwa na shaka, andika zito. Mkaguzi aliyeandika neno jepesi, watu wakaugua, ataitwa kujieleza. Mkaguzi aliyeandika neno zito juu ya mahindi mazima haitwi na mtu. Mahindi yanatupwa, na yakishatupwa nani atathibitisha kwamba yalikuwa mazima? Tulijiona waangalifu. Kumbe tulikuwa waoga wenye kalamu.

Sasa niwapeleke Kate.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokusanya mahindi yao katika ghala moja la matofali, nyuma ya kanisa. Kiongozi wao aliitwa Mama Skolastika, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Miaka yote wanakijiji waliuza shambani kwa walanguzi wanaokuja na ndoo zao za kupimia, ndoo zilizotanuliwa. Mama Skolastika ndiye aliyewashawishi wenzake waache. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia: tuyaweke pamoja, tumuuzie mnunuzi mkubwa wa upande wa Zambia, na akiba yetu ya kula hadi mavuno mengine tuiweke humo humo, chini ya kufuli moja. Wakamwamini. Walihamisha kila walichokuwa nacho kutoka kwenye vihenge vya nyumbani.

Nikatumwa kukagua, peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilichoma bambo gunia la kwanza, nikanusa. Uvundo. La pili, uvundo. La kumi, uvundo. Nilitazama punje: rangi nzuri, ngumu, zinalia vizuri zikitikiswa. Nikanusa tena: uvundo. Nikasimama pale na kalamu juu ya mstari wa harufu. “Musty” ilikuwa na maana kwamba shehena itaangaliwa upya. “Mouldy” ilikuwa na maana kwamba imekwisha, maana palipo na kuvu pana hofu ya sumukuvu, na sumukuvu inaua watu polepole bila kelele. Sikujua ni lipi. Basi nikafanya kama tulivyozoea. Niliandika “mouldy”, nikatia sahihi, nikaweka utepe mwekundu mlangoni, nikapanda gari.

Mama Skolastika aliniuliza kwa heshima, “Umeonaje, mwanangu?”

“Mtajulishwa, mama,” nikamjibu, nikapandisha kioo.

Walijulishwa. Mnunuzi aliikataa shehena, na kwa utaratibu wetu wa wakati ule ilipangiwa siku ya kuteketezwa.

Siku tatu baadaye nilimkuta Mama Skolastika amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu. Alikuwa ametoka Kate alfajiri. Viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga kitu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ni wewe uliyeandika?”

“Ni mimi.”

Tuliingia ndani hadi mezani kwangu, akalifungua lile pindo. Konzi ya mahindi. “Nimeelezwa umeandika yana kuvu. Mimi nimelima tangu nina miaka saba. Sijaliona hilo kuvu.”

“Mama, kuvu wakati mwingine halionekani.”

“Sawa. Basi uliliona wewe?”

Niliyatazama yale mahindi. Mzee Deusi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

“Sikuja unionee huruma,” Mama Skolastika akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Mle ndani kuna chakula cha wajukuu wangu. Kama kina sumu, kichomwe, nitakiwashia kiberiti mwenyewe. Lakini nimekuja kukuomba unuse tena. Hicho tu. Unuse tena.”

Alipotoka kwenda kunywa maji, Mzee Deusi aliniita jina langu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. “Tumaini. Lile neno uliliandika kwa pua au kwa woga?”

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio kazini, na kubadili taarifa iliyokwisha kutiwa sahihi kulikuwa na maana ya kukiri kwa maandishi kwamba sikujua nilichokuwa nakiandika. Nilimtazama yule mama kupitia dirishani, akinywa maji ya bombani kwa kiganja, yale mahindi ameyaacha juu ya meza yangu.

“Kwa woga,” nikasema.

“Haya. Chukua turubai, twende.”

Tulienda wote watatu, Mama Skolastika katikati, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Wenzake walikuwa wanasubiri nje ya ghala, wamevaa makoti juu ya kanga kwa sababu ya baridi. Tuliondoa utepe, nikatandika turubai uwanjani, upande wa upepo. Mzee Deusi akasema, “Usichome bambo leo. Mwaga.”

Tulimwaga magunia kumi. Nikanawa mikono kwa maji matupu. Nikapiga magoti, nikachota konzi, nikaifunga ndani ya ngumi hadi ikapata joto, nikanusa. Uvundo ulikuwepo, bila shaka yoyote. Nilisikia mwanamke mmoja pembeni yangu akivuta pumzi kwa kuona uso wangu.

“Usiseme kitu,” Mzee Deusi akaniambia. “Yavunje.”

Nilivunja punje, moja baada ya nyingine, nikitazama kiini. Kiini cheupe, kisafi. Nikaitafuna moja nikaitema: tamu kidogo, kavu. Nilivunja hadi ukucha wa kidole gumba ukauma. Upepo ulikuwa unapita juu ya turubai, na tuliyageuza mahindi kwa mikono kama watu wanaotafuta hereni. Baada ya saa nzima hivi, nikachota konzi nyingine na kuipasha joto ngumini. Nikanusa. Nikanusa tena, nikidhani pua imechoka.

Harufu ilikuwa inaondoka. Ilikuwa nyembamba, kama sauti ya mtu aliyekwisha pita kilima.

Mzee Deusi aliinama. Aliokota gunia tupu, gunia la katani, akanifunika nalo kichwa. Niliruka. Uvundo wote ulikuwa umekaa mle, kwenye nyuzi.

“Haya magunia mliyatoa wapi?” nikauliza nikiwa bado nimo ndani yake.

Ikaja sauti ya mama mmoja mdogo mdogo: “Ni yale ya zamani. Yalikaa stoo inayovuja.”

“Si nilisema yafuliwe?” Mama Skolastika akang'aka.

“Tuliyafua, mama.”

“Yakakauka?”

“Yalikauka kwa juu.”

“Kwa juu! Wewe ukioga unajikausha kwa juu?”

Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo, kisha wawili, kisha uwanja mzima, na mimi nikacheka ndani ya gunia hadi machozi yakanitoka. Na ndipo nikalielewa lile ambalo kopo lisingenifundisha, nawaombeni mlishike. “Musty” ni harufu ya mahali kitu kilipokaa. “Mouldy” ni harufu ya kile ambacho kitu chenyewe kimekuwa. Ya kwanza, kitu kimeivaa. Ukikivua na kukipa jua na hewa, inakiacha. Ya pili imetoka ndani yake, na hakuna upepo wa kuiondoa, hata huu wetu. Ndiyo maana huwezi kuzitenganisha kwa kunusa mara moja. Unahitaji kusubiri, na aliyeshika kalamu huku moyo wake uko kwenye gari hana subira hiyo.

Msidhani mambo yaliishia kwenye kicheko. Tulimwaga magunia yote, siku ile na kesho yake. Karibu na ukuta wa nyuma, chini kabisa, magunia matatu yalikuwa yamegusa sakafu yenye unyevu. Hayo nilipoyafungua sikuhitaji ngumi. Punje zilikuwa zimeshikamana, na ndani ya kiini kulikuwa na kijivu na kijani. Upepo ulivuma juu yake mchana kutwa, yakabaki vile vile.

“Haya ndiyo,” nikamwambia Mama Skolastika. “Haya matatu neno lake ni lile lile nililoandika.”

Aliinama, akanusa, akaelewa bila kufasiriwa. “Hata nguruwe?”

“Hata nguruwe, mama. Hata kuku.”

Aliyaburuta mwenyewe hadi pembeni, moja moja, akikataa kusaidiwa. Mojawapo lilikuwa la shamba lake. Nilimwona akilitambua kwa uzi wa bluu alioshonea mdomo.

Niliandika taarifa ya pili mezani kwa Mzee Deusi. Mahindi: “musty”, harufu imetoka kwenye magunia, imeondoka baada ya kuanikwa. Magunia matatu: “mouldy”, yametengwa. Na chini, mstari ambao hakuna aliyenilazimisha kuuandika: taarifa yangu ya kwanza niliiandika bila uhakika. Tukapeleka sampuli maabara, utepe ukarudishwa mlangoni, uteketezaji ukasimamishwa hadi majibu yaje.

Kungoja kule nawaombea msikujue. Ningekuwa nimekosea kwa upande wa pili? Je, kama ile harufu iliyoondoka imeacha sumu isiyonuka? Hilo linawezekana, wanangu, lishikeni pia: pua hutuambia mengi, lakini sumukuvu haina harufu, na ndiyo maana kuna maabara. Mkaguzi anayedhani pua yake inatosha ni hatari kuliko mwenye mafua. Ofisini nilinusa kila kitu: chai, karatasi, wino wa mhuri. Mzee Deusi aliniambia nikaombe dua badala ya kunusa viti vya watu.

Majibu yalikuja kwa simu. Aliyapokea yeye. Nilisimama mbele ya meza yake nikitazama mdomo wake, naye akawa anasema tu, “Ndiyo. Ndiyo. Nimekusikia. Ndiyo.” Akaweka mkono wa simu chini taratibu sana, akavua miwani, akaipangusa.

“Mzee!”

“Safi,” akasema. “Yote. Mnunuzi naye anaomba tu yatiwe magunia mapya.”

Niliketi kwenye sakafu ya ofisi. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu ile siku ya benchi kililegea, nikapumua hadi tumboni. Barua ya kunionya ilikuja baadaye, kali, ya kurasa mbili. Niliisoma kwa furaha ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Nimeihifadhi mpaka leo pamoja na cheti changu cha kustaafu.

Nilirudi Kate kwenda kuondoa utepe kwa mkono wangu. Nilikuta wametangulia kusaga mashineni debe moja la yale yaliyobaki nje yakianikwa. Sufuria kubwa ilikuwa motoni pale uwanjani, na ugali ulisongwa na wanawake wawili kwa zamu, maharage pembeni, mboga ya maboga pembeni. Watoto walikuwa wamekwisha kaa mkekani. Hakuna aliyekuwa amenawa.

Mama Skolastika aliweka sahani mbele yangu, sahani moja tu, akabaki amesimama.

“Wewe ndiye uliyekipa chakula hiki jina,” akasema. “Mara ya kwanza jina moja, mara ya pili jingine. Tumesikia maabara imesema. Lakini maabara haina mdomo. Anza wewe.”

Walinitazama wote. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu. Mzee Deusi, aliyekuwa ameegemea gari, aligeuka kutazama milima ya Lyamba, akaniachia mambo yangu.

Nilinawa. Nikakata tonge, nikalifinyanga, nikalichovya kwenye maharage, nikala. Lilikuwa la moto hata likaniunguza kaakaa. Nilisikia upepo kwenye bati. Nilimeza, na sikutafuta neno lolote, la Kiingereza wala la Kiswahili. Nilinyoosha mkono nikakata tonge la pili.

Hapo ndipo Mama Skolastika alipokaa chini, akawaambia watoto wanawe mikono.